Shajara ya remorke: betri moja, pano mbili na kebo ya uongo

27 Aprili

Remorke ya kupigia kambi imefika nyumbani, hapa Kampemba, mjini Lubumbashi, Kongo. Kwa wasomaji wa mbali: remorke ni trela, ile inayovutwa nyuma ya gari. Hii ni ndogo, ekseli moja, sanduku la urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.5. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akiitumia kubebea jenereta kwenye harusi na matanga. Sakafu bado inanuka mazuti, yaani dizeli.

Fundi wa kuchomelea ameshamaliza sehemu yake: fremu ya bomba za mraba, bati pande zote, mlango wa nyuma unaofunguka juu na kuwa kipaa cha jikoni. Kitanda kinalala ndani, watu wawili wazima na mtoto mmoja ikiwa hakuna anayekoroma. Kinachobaki ni umeme wa jua, na hiyo nimesema nitaifanya mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Sheria ya Ohm naifundisha kila mwaka tangu nianze kazi, kwa hiyo nilijiona nimeshafika kabla sijaanza.

4 Mei

Hesabu ya matumizi kwanza. Wengi huanza kwa kununua pano, yaani paneli za sola, kisha wanauliza zitawasha nini. Mimi nilikaa na mama watoto mezani nikamuuliza tutaenda na vitu gani.

Friji ndogo ya kompresa, ya volti 12, lita 45: inakula ampea 4 inapozunguka, na kwa hali ya hewa yetu inazunguka kama asilimia 40 ya siku. Hiyo peke yake ni karibu wati-saa 460 (wati mara saa) kwa siku. Taa nne za wati 5 kwa saa tano, 100. Simu za watu wanne, 60. Feni ndogo usiku, 120. Kompyuta yangu saa mbili, 100. Pampu ya maji ya kuoshea vyombo haifiki hata 20. Jumla 860 hivi kwa siku.

Mama watoto akauliza: na birika la umeme? Nikamwonyesha kwa kalamu. Birika la wati 2,000 likichemsha dakika tano linakula wati-saa 170 tu, si nyingi. Tatizo ni kwamba katika dakika hizo tano linavuta ampea zaidi ya 150 kutoka kwenye betri ya volti 12, na hapo unahitaji kebo nene kama kidole na konvertisere (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya bei ya mbuzi watatu. Akasema basi chai itachemka kwenye mbabula, jiko la makaa. Na bukari, yaani ugali, pia. Makaa yanabaki kwenye safari, hakuna ubishi.

11 Mei

Shemeji, ambaye Hilux yake ndiyo itakayovuta, ameleta betri ya lori bure. "Hii ni kubwa, itatosha," alisema. Nimeijaribu siku mbili kwa sababu kitu cha bure hakikataliwi mlangoni. Usiku wa kwanza friji ilienda hadi alfajiri. Usiku wa pili ilizima saa tano. Betri ya kuwashia injini ina bamba nyembamba za madini ya risasi; imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe upya palepale. Ukiifanya inyonywe polepole usiku mzima inachakaa haraka. Nimeirudisha kwa adabu.

Kisha uchaguzi wa kweli: jeli au lithiamu. Betri ya jeli ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 30 hivi, na ukitaka idumu unatumia nusu yake tu, yaani wati-saa 600. Haitoshi siku moja. Ningehitaji mbili, kilo 60 kwenye remorke ya ekseli moja. Ya lithiamu ya ukubwa uleule ina kilo 11, na unaweza kutumia asilimia 80 au 90 bila kuiumiza: wati-saa 1,000 na ushee. Nimechukua ya lithiamu. Nimelipa dolari 270 na sitaki kuliongelea zaidi.

Ila kuna jambo lililonichekesha nikiwa njiani kurudi. Aina hii ni ya lithiamu, chuma na fosfeti. Kobalti haimo hata chembe. Kolwezi yote, mji wa migodi, inachimbuliwa kwa ajili ya madini hayo ya kobalti, malori yanapita hapa usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, nami nimenunua betri ambayo haiitaki. Lithiamu tunayo vilevile, kule Manono, chini ya ardhi. Betri yenyewe imeandikwa kuwa imetengenezwa China.

25 Mei

Pano zimepanda juu. Mbili za wati 200, kila moja karibu mita moja na nusu kwa sentimita 67, zikalala kando kwa kando na kubakiza mita moja ya paa kwa dirisha la hewa. Nimeziacha sentimita tatu juu ya bati ili upepo upite chini, kwa kuwa pano ikipata moto inatoa kidogo.

Zimelala bapa. Mji wetu uko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 11 na ushee, kwa hiyo pano ya juu ya nyumba huinamishwa kidogo kuelekea kaskazini. Kwenye remorke huwezi kujua utaegesha ukitazama wapi, basi bapa ni maafikiano. Mwezi wa sita jua la mchana linasimama nyuzi 55 tu juu ya upeo, na pano bapa inapoteza karibu asilimia 18 hata saa sita juu ya alama. Nakubali hasara hiyo. Kiangazi chetu hakina mawingu. Kinachotupunja ni vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa.

Matundu manane kwenye paa, kila moja na silikoni. Kumbuka matundu haya, tutarudi kwayo.

8 Juni

Siku ya kuunganisha. Nimeziunga pano kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine: volti 40, ampea 10. Faida yake ni kwamba ampea ni chache na kebo ya kushuka kutoka paani inaweza kuwa ya milimita mraba 4. Nimepiga hesabu ya asubuhi za baridi pia, maana volti ya pano hupanda baridi inapozidi. Zikiwa wazi bila kazi zinafika volti 48. Asubuhi ya nyuzijoto 6, zile asubuhi za Juni ambazo walinzi huwasha moto getini, zitafika 51. Regilatere yangu, yaani kidhibiti chaji, inavumilia hadi 100. Salama.

Utaratibu ni betri kwanza, pano baadaye. Regilatere ikiona pano kabla ya betri haijui iko kwenye mfumo wa volti ngapi, na nyingine huungua. Kisha nikaingia kwenye mpangilio wake, maana ilikuja imewekwa kwa betri ya jeli. Nimeweka volti 14.2 za kujaza na 13.5 za kutunza.

Fyuzi ya ampea 80 iko sentimita 15 kutoka kwenye betri, kwa ajili ya konvertisere ya wati 600. Fyuzi ikae karibu na betri. Kebo yote iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi, na betri ya lithiamu ikipigwa shoti haikuonyi. Kwa konvertisere nimetumia kebo ya milimita mraba 16 niliyopewa na jirani, fundi wa zamani wa mgodini.

Friji iko upande wa pili kabisa, nyuma, jikoni. Kebo inapita chini ya kitanda, inazunguka tairi, inapanda: mita 6 kwenda, 6 kurudi. Nimetumia kebo ya milimita mraba 1.5 niliyoinunua soko la Kenya. (Kenya ya kwetu ni mtaa wa mji huu, si nchi.) Imeandikwa "shaba 100%". Ilikuwa nyepesi mkononi, nikafurahi kwamba ni laini na rahisi kupinda.

Saa tisa alasiri friji ilinguruma. Watoto walipiga makofi.

15 Juni

Friji imezima usiku. Nimelala ndani ya remorke uani kama majaribio. Saa mbili usiku ilikuwa inaenda, saa nne kimya, na kioo chake kinaonyesha alama ya volti ndogo. Asubuhi jua lilipopanda ikajiwasha yenyewe. Nyama ya mama watoto ilikuwa bado salama kwa sababu nje palikuwa baridi kuliko ndani ya friji.

Betri inasema 13.1. Kwa lithiamu hiyo ni betri yenye chakula tele.

18 Juni

Usiku wa tatu, mambo yaleyale. Mchana inaenda, usiku inakufa. Shemeji anashauri nishushe kizingiti cha friji, kile cha volti 11.1 kinachoifanya ijizime, niweke cha chini zaidi. Nimekataa. Kufanya hivyo ni kumziba mdomo mtoto anayelia badala ya kumuuliza analilia nini.

Nimeamua betri ndiyo mbovu. Kitu kinachofanya kazi wakati jua linakisaidia na kukwama jua likizama, lawama iende wapi kama si kwenye betri?

21 Juni

Leo nimejiaibisha. Nimebeba betri hadi kwa muuzaji, sauti ikiwa juu kidogo kuliko inavyompasa mwalimu. Muuzaji, kijana mpole, hakubishana. Alifunga taa kubwa za gari kwenye betri, akaniletea kiti, akaniagizia soda. Tulikaa saa nzima. Volti zilishuka kutoka 13.2 hadi 13.0 zikaganda hapo. Akazima taa, akaniangalia, wala hakusema neno. Nililipia soda yake na yangu.

22 Juni

Jirani yangu, yule mzee wa mgodini, alikuja baada ya misa. Hakugusa betri. Alitoa kisu mfukoni, akakwangua uzi mmoja wa kebo ya friji, akanyanyua mwangani. Chini ya rangi nyekundu palikuwa peupe.

"Mwalimu, angalia. Hii haiko shaba. Ni aluminiyumu, balipakala tu rangi ya shaba juu. Balikudanganya."

Nikanyamaza.

"Si weye njo unafundishaka batoto mambo ya kuran?"

Kuran ni umeme. Nikazidi kunyamaza.

Hebu fikiria tuko wapi. Mji huu umezaliwa kwa shaba; tanuru lilianza kuyeyusha mwaka 1911 na dohani lake bado limesimama pale. Kabla ya Wazungu watu wa hapa waliitwa wakula shaba, wakayeyusha misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Na katika mji huohuo mimi nimeuziwa alumini iliyovikwa koti.

Jioni nimepima kama nilivyopaswa kupima tangu mwanzo. Mita moja ya uzi wa milimita mraba 1.5, ukiwa umevuliwa plastiki, kama ni shaba ina gramu 13. Mizani ya maabara yetu ilisema 5.

Halafu nikaweka mita ya volti mahali pawili kwa wakati mmoja, mtoto mkubwa akishika upande wa betri na mimi upande wa friji. Kompresa ikiwa imetulia, zote 13.1. Kompresa inapoanza, inavuta karibu ampea 10 kwa nukta chache: betri 13.0, friji 10.8. Volti mbili na ushee zimepotelea njiani. Ndiyo maana mchana ilienda: pano zinaiweka betri kwenye 14, na hata ukitoa mbili inabaki 12, juu ya kizingiti. Jua likizama betri inashuka hadi 13, toa mbili, friji inaona 10.8 na kujizima ikidhani inaokoa betri. Betri ilikuwa nzima, friji ilikuwa na akili, na mwalimu alikuwa anapiga kelele madukani.

Hesabu iko hivi kwa atakayetaka kuirudia. Ukinzani wa kebo ni urefu wa kwenda na kurudi, mara 0.0175 kwa shaba, gawa kwa unene wa milimita mraba. Kwa alumini iliyovikwa weka 0.0275 hivi. Mita 12 mara 0.0275 gawa kwa 1.5 ni omu 0.22. Mara ampea 10, volti 2.2. Hata ingekuwa shaba halisi, unene ule ungenipotezea volti 1.4. Kwa hiyo makosa ni mawili na moja ni langu mwenyewe: nilichagua unene kwa jicho la mtu wa volti 220. Nyumbani ukipoteza volti mbili katika 220 hata balbu haijui. Katika 12 umepoteza moja ya sita.

Kipande cha kebo nimekiweka kwenye mkoba wa shule. Swali la mtihani limejiandika.

29 Juni

Kebo mpya: shaba, milimita mraba 6, nimeenda na kisu mfukoni na nimekwangua mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Hakukasirika, inaonekana si wa kwanza. Ukinzani sasa ni omu 0.035, kompresa ikianza inapotea volti 0.35. Vichwa vya kebo nimevibana kwa koleo lake maalumu, si kwa nyundo.

Usiku mzima friji imeenda. Asubuhi betri ilikuwa imebaki na asilimia 68.

3 Agosti

Tumerudi kutoka ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe. Siku tatu. Shemeji, mama watoto, watoto, na kreti moja ya bia ya Simba ambayo shemeji aliiita "mzigo wa majaribio".

Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa, maji ya mto Lufira yaliyozuiwa kwa ajili ya kituo cha Mwadingusha, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1930. Nyaya kubwa zinapita angani kwenda viwandani. Chini yake wavuvi wanasuka nyavu kwa tochi ya simu, na sisi tumekaa na pano zetu mbili.

Friji: hakuna malalamiko. Samaki wa asubuhi alifika Kampemba akiwa mgumu kama jiwe.

Pano: hapa nilipata somo lingine. Unapofika mahali pa kupiga kambi, kila binadamu anataka kivuli. Mama watoto alichagua mti mzuri, mpana, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia aegeshe watoto juani kwa ajili ya betri. Kivuli cha matawi kilitambaa juu ya pano kutwa nzima. Kwa mfululizo, pano moja ikifunikwa inaivuta na mwenzake; kuna diodi ndani za kupitisha umeme pembeni, lakini vivuli vya majani vinavyocheza vilikuwa vinaichanganya regilatere, inapanda na kushuka kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Siku ya kwanza tuliingiza wati-saa 420. Uani kwetu nilikuwa napata 1,300.

Jambo la pili: barabara. Baada ya kuacha lami tulipita yale makunyanzi ya vumbi yanayotikisa meno. Usiku wa kwanza nilisikia harufu ya plastiki. Nati ya kichwa hasi cha betri ilikuwa imelegea na kebo ya konvertisere ilikuwa ya moto pale inaposhikana. Nimekaza, nikaweka pete za kuzuia kulegea. Sasa kukagua nati kumeingia katika orodha ya kufika, kabla hata ya kufungua kreti. Shemeji anapinga mpangilio huo.

17 Agosti

Suluhisho la kivuli. Nimeshusha pano moja kutoka paani na kuiwekea miguu ya bomba nyembamba na kebo ya mita 10, milimita mraba 6. Remorke itakaa chini ya mti na watoto, pano itaenda juani peke yake kama ng'ombe wa malisho. Sasa nimeziunga sambamba: ya paani ikifunikwa, ya chini haijali. Kwenye mita 10 napoteza volti 0.6 kati ya 20, asilimia 3, na regilatere inaimeza. Zaidi ya hapo, hii ya chini naweza kuiinamisha kulifuata jua. Nilijaribu uani: saa tatu asubuhi ile bapa ilitoa wati 80, iliyoinama 140.

Ubaya wake ni kwamba inaibika. Mtoto wa pili amejitolea kuilinda kwa malipo ya biskuti.

Matundu manne ya paani yamebaki bila kazi. Nimeyaziba kwa silikoni, upesi upesi, giza lilikuwa linaingia.

26 Oktoba

Wiki hii jua linapita juu ya utosi kabisa hapa Lubumbashi, na pano bapa ya paani kwa mara ya kwanza imenionyesha wati 170. Niliita watu waje kuona. Nusu saa baadaye mawingu yakakusanyika upande wa Ruashi na mvua ya kwanza nzito ikashuka, ile yenye harufu ya udongo mwekundu.

Imevuja. Si kwenye matundu ya pano iliyobaki. Kwenye yale manne niliyoyaziba gizani. Tone moja moja, sawasawa juu ya mto wa shemeji. Regilatere ni kavu, betri iko sandukuni, kebo ya friji imelowa lakini maungio yake yamefungwa.

Jumamosi ijayo ni kukwangua silikoni yote ya zamani, kusafisha bati kwa spiriti, na kupigilia kipande cha bati juu ya kila tundu na boliti yake. Chaja ya kuchukua umeme wa Hilux tukiwa njiani, ampea 20, inasubiri bonasi ya shule. Kebo yake nimeshanunua. Nimeikwangua.